Saini ya mwaka 1928: kisa cha Buster Keaton

Kiswahili kina neno chale, mtu wa vituko anayewavunja watu mbavu, na wengi hulihusisha na Charlie Chaplin. Buster Keaton, mchekeshaji mwenzake wa sinema bubu, hakuiachia lugha yetu neno lolote. Pengine ni kwa sababu uso wake ni mgumu kuuiga: hacheki, hanuni, hakonyezi. Ukuta wa nyumba unamwangukia, polisi mtaa mzima wanamfukuza, naye anatazama tu kama mtu anayengoja daladala.

Maisha yake husimuliwa kwa ufupi hivi: alikuwa mfalme wa sinema bubu, sauti ikaja, akaisha. Simulizi hiyo inapendwa kwa kuwa haina mkosaji. Zama zimepita, mtu kabaki nyuma, basi. Mimi siikubali. Kilichomwangusha Keaton ni karatasi ya mkataba aliyoitia saini mwaka 1928, na ukitaka kuielewa karatasi hiyo inabidi urudi nyuma sana, hadi utotoni mwake.

Mtoto aliyerushwa

Joseph Frank Keaton, ndiye Buster, alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas, wazazi wake wakiwa njiani na kundi la maonyesho. Joe na Myra Keaton waliishi kwa jukwaa, na mtoto alipofikisha umri wa kama miaka mitano alikuwa tayari sehemu ya mchezo wao. Walijiita The Three Keatons. Mtoto anamchokoza baba, baba anamnyanyua na kumrusha: upande wa pili wa jukwaa, kwenye mapazia, siku nyingine mpaka kwa wapiga muziki kule chini. Nguo yake ilishonewa mshikio mgongoni kama wa begi, ili arushwe vizuri. Chama cha kuwalinda watoto cha New York kilimwandama Joe miaka nenda rudi. Keaton mwenyewe, hata uzeeni, alisema kwamba alijua kuanguka na hakuonewa. Hapo pia ndipo alipogundua kwamba akicheka yeye, ukumbi haucheki. Akikausha uso, ukumbi unaangua kicheko.

Watu husimulia sehemu hii kueleza alivyokuja kuwa hodari wa kuanguka. Mimi naona jambo jingine humo. Tangu akiwa mtoto, kazi yake na ukoo wake vilikuwa chungu kimoja. Baba alikuwa mwigizaji mwenzake, mwajiri na mshika fedha, yote kwa pamoja. Mtu aliyelelewa hivyo atajifunzia wapi kumwuliza jamaa yake, tena bila ugomvi, "tumeandikiana nini?"

Mapema mwaka 1917 pombe ya Joe ilikuwa imezidi, na kurushwa na mlevi si mchezo tena. Buster na mama yake wakamwacha. Akiwa na miaka 21 alikuwa na ahadi ya dola 250 kwa wiki katika onyesho la jukwaani New York, ndipo akakutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa akitengeneza sinema fupi katika studio ya mtayarishaji Joseph Schenck. Alitembelea studio, akajaribiwa siku hiyo hiyo, kisha akaomba aonyeshwe kamera inavyofanya kazi ndani. Akaiacha ile kazi ya dola 250, akachukua ya dola 40.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya, lakini una sura ile ile ya uamuzi mbaya utakaofuata. Alichotazama ni chombo cha kazi. Malipo na masharti aliyaacha yajipange yenyewe.

Jina lake, kampuni ya mwingine

Alikwenda jeshini mwaka 1918, akapelekwa Ufaransa, akarudi na usikivu ulioharibika. Mwaka 1920 Arbuckle alihamia kwenye filamu ndefu za kampuni nyingine, na Schenck akamkabidhi Keaton kikosi chake mwenyewe pamoja na studio ya Hollywood ambayo Chaplin aliwahi kuitumia. Malipo: dola 1,000 kwa wiki na asilimia 25 ya faida. Baadaye ofisi iliandikwa Buster Keaton Productions. Hisa hakuwa nazo. Jina lilikuwa lake, kampuni haikuwa yake, na filamu zilizotoka humo hazikuwa zake pia.

Schenck alikuwa mume wa Norma Talmadge, nyota mkubwa wa siku zile. Mwaka 1921 Keaton alimwoa Natalie, mdogo wake Norma. Tangu hapo bosi na mwajiriwa wakawa wanyumba, watu waliooa nyumba moja, wanaokutana mezani kwa mama mkwe. Kwa nini uajiri wakili wa kumkagua mwanyumba wako?

Na kwa miaka minane utaratibu huo ulizaa matunda, haki ya Mungu. Schenck hakuingilia. Alitoa pesa, akapokea filamu. Kikosi kilifanya kazi kwa namna ambayo mhasibu yeyote angeshika kichwa. Hakukuwa na mswada ulioandikwa. Keaton na wabunifu wake wa vichekesho, akina Clyde Bruckman, Jean Havez na Joseph Mitchell, walikaa mpaka wapate mwanzo mzuri na mwisho mzuri. Katikati, alisema Keaton, patajijaza penyewe. Wakikwama, walitoka nje kucheza besiboli mpaka mmoja apate wazo. Elgin Lessley alishika kamera. Fred Gabourie alijenga vitu.

Huyu Gabourie anastahili aya yake. Kwa The Navigator ya mwaka 1924, kila kitu kilianza pale alipogundua kwamba kuna meli ya abiria, Buford, inayongoja kwenda kukatwa vyuma chakavu. Wakaikodi. Hapo ndipo wakakaa kujiuliza: tukiwa na meli nzima, hadithi gani inaweza kutokea ndani yake? Kijana na msichana wa kitajiri, ambao hawajawahi kuchemsha yai, wamebaki peke yao baharini kwenye jiko lililojengwa kupikia mamia ya watu. Ni mojawapo ya filamu ndefu zilizomwingizia pesa nyingi katika enzi hiyo yake. Kitu kilitangulia, hadithi ikafuata. Huwezi kuandika mswada wa filamu hiyo kabla ya kuiona meli, na jambo hili tulishike, tutalihitaji tukifika kwenye studio ya MGM.

Au chukua ukuta wa Steamboat Bill, Jr., uliopigwa picha Sacramento. Upande wa mbele wa nyumba, uzito wake hutajwa kuwa kama tani mbili, unaanguka wote kwa mkupuo. Keaton amesimama chini. Dirisha la ghorofani, lililo wazi, linapita mwilini mwake na kumwacha amesimama, nafasi ya inchi chache kila upande. Hakuna ujanja wa kamera. Walipima, wakapigilia alama ya mahali pa kusimama, akasimama. Studio yenye bodi, bima na wanahisa isingekubali hata kulisikia wazo hilo.

Hasara

Mwaka 1926 Keaton alikwenda Cottage Grove, Oregon, kutengeneza The General, kisa cha dereva wa treni katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alitaka treni za kweli, reli za kweli, na askari wengi wa kweli. Wanaume wa jeshi la akiba la Oregon walivaa sare za pande zote mbili kwa zamu. Kwenye kilele cha filamu, injini ya treni inapita juu ya daraja linaloungua na kutumbukia mtoni. Walitumbukiza injini halisi. Gharama inayotajwa kwa tukio hilo moja ni dola 42,000, na hutajwa kuwa tukio ghali kuliko yote ya zama za sinema bubu. Chuma hicho kilikaa mtoni kwa miaka mingi, hadi vita vya pili vya dunia vilipofanya kila chakavu kiwe na thamani.

Leo filamu hiyo iko kwenye orodha ya hazina za taifa la Marekani. Iliingizwa mwaka 1989, katika kundi la kwanza kabisa la filamu 25. Ilipotoka, wahakiki waliiponda na mauzo ya tiketi hayakurudisha gharama. Filamu mbili zilizofuata nazo zilisuasua.

Sasa jiweke kwenye kiti cha Schenck. Amekwisha kuwa mkuu wa United Artists, kampuni ya kusambaza filamu. Ana mwanyumba mwenye kipaji anayetumbukiza treni mtoni kwa pesa zisizo zake. Mdogo wake mwenyewe, Nicholas Schenck, ndiye rais wa Loew's, kampuni inayomiliki MGM, studio tajiri kuliko zote. Akamwambia Buster: nenda kwa Nick, watakutunza. Sioni hila hapo. Naona mfanyabiashara anayefunga duka linalomla mtaji, huku akimtafutia ndugu wa nyumbani kazi nzuri kwa mdogo wake.

Chaplin alimwonya asiende. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa sinema bubu, vilevile. Lakini tazama walikuwa wanasema kutoka wapi. Chaplin alikuwa na studio yake na ni mmoja wa waanzilishi wa United Artists. Lloyd alipoachana na mtayarishaji Hal Roach mwaka 1923 aliunda kampuni yake, na filamu alizotengeneza humo zikabaki mikononi mwake. Wote wawili walikuwa na mahali pa kusimama walipokataa. Keaton angekataa asimame wapi? Hakuwa na kampuni, hakuwa na filamu hata moja ya kuweka dhamana, na huko Beverly Hills alikuwa amejenga jumba la mtindo wa Kitaliano kwa kiasi kinachotajwa kuwa dola 300,000 ili kumridhisha mke aliyezoea fahari ya dada zake. Akatia saini. Dola 3,000 kwa wiki.

Katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1960, aliliita kosa baya kuliko yote maishani mwake. Ninakubaliana naye kuhusu ukubwa wa kosa, sikubaliani kuhusu tarehe. Mwaka 1928 hakuwa tena na la kuchagua. Lililokuwa lichaguliwe lilikuwapo mwaka 1920, au mwaka 1924 pale The Navigator ilipoingiza pesa na yeye akiwa na nguvu ya kudai hisa. Hakudai. Alikuwa kazini, anafurahi, na mwenye duka ni wa nyumbani.

Ndani ya kiwanda

Filamu ya kwanza MGM ilikuwa The Cameraman, chini ya mwongozaji Edward Sedgwick. Keaton alisimulia kwamba waandishi 22 walitia mkono kwenye mswada huo. Wakaenda New York kupiga picha mitaani, na kwenye barabara ya Fifth Avenue watu wakamtambua, msongamano ukafunga njia. Alimpigia simu Irving Thalberg, mkuu wa utayarishaji, akamwomba auweke kando mswada na arudi California kufanya kwa njia yake. Thalberg akakubali. Filamu ikatoka nzuri, na ikauza.

Mafanikio hayo yalimwumiza. MGM walihesabu mapato na kuona mfumo wao umefaulu. Kwamba mfumo umefaulu kwa kuwekwa kando, hilo halikuandikwa popote kwenye vitabu vya hesabu. Filamu ya pili, Spite Marriage ya mwaka 1929, iliwekwa chini ya msimamizi Lawrence Weingarten, ambaye alikuwa shemeji yake Thalberg. (Hollywood ya miaka ile, ukifuatilia nani kaoa kwa nani, utadhani unasoma habari za kijiji.) Keaton aliomba filamu hiyo iwe ya sauti. Studio ikakataa.

Rudia sentensi hiyo kila mtu anapokwambia sauti ndiyo iliyomwua. Alikuwa mtoto wa jukwaani, aliyezungumza na kuimba mbele ya ukumbi kabla hajajua kusoma. Alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, iliyoshabihiana kabisa na uso wake. Mawazo yake kuhusu sauti yalikuwa ya fundi: watu waseme panapohitajika, na pengine mambo yaende kimya kama zamani. Hakuipinga. Alinyimwa nafasi ya kuijaribu kwa mikono yake.

Walichomfanyia ni kumwandikia maneno, maneno mengi. Kuanzia mwaka 1930 alipewa filamu za mazungumzo ya mfululizo, utani wa kuchezea maneno, na mhusika anayeitwa Elmer mara kwa mara: bwege anayeanza bwege na kumaliza bwege. Mtu wa Keaton wa zamani naye huanza hajui kitu, lakini akipewa injini, meli au kamera, kufikia mwisho ameielewa kuliko wenye nayo. Furaha ya kumtazama ni kumwona akijifunza. Elmer hajifunzi. Anahurumiwa.

Michezo ya hatari ikaanza kufanywa na watu wa kumwakilisha, maana mwili wake sasa ulikuwa mali ya kampuni. Na kwa kuwa teknolojia ya kutafsiri sauti ilikuwa bado, baadhi ya filamu alizirudia kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, akikariri maneno kwa matamshi tu. Baadaye wakamfunga pamoja na Jimmy Durante, mchekeshaji wa kelele ambaye hatulii hata avute pumzi. Durante alikuwa mzuri kwa kazi yake. Lakini kuwaweka wawili hao fremu moja ni kama kupiga ngoma msibani.

Haya, na filamu hizo zilipokelewaje? Ziliingiza pesa. Zenyewe kama kazi ni dhaifu, ila watazamaji walikuwa na hamu ya sauti na walilipenda jina lake, kwa hiyo ziliuza pale The General ilipokuwa imekwama. Keaton angeingia ofisini kulalamika na karatasi gani mkononi? Tiketi zilikuwa upande wa wakubwa zake.

Tuwatendee haki MGM. Walimlipa vizuri. Mfumo wao, wa mswada kwanza, bajeti kwanza, msimamizi juu ya kila filamu, ulitengeneza kazi nzuri sana za aina nyingine. Keaton naye hakuwa malaika: alikuwa akinywa kabla mambo hayajaharibika kabisa, na yalipoharibika alikunywa mpaka hafiki kazini, au anafika hawezi kusimama. Ndoa ilivunjika mwaka 1932. Natalie aliwabadilisha wana wao wawili jina la ukoo, wakawa Talmadge. Fikiria hilo: mtu ambaye ukoo ulimjengea kila kitu, sasa jina lake linafutwa kwa watoto wake. Februari 1933 Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, alimfukuza kazi. Alikuwa na miaka 37.

Mlango wa uani

Miaka iliyofuata ninaipitia haraka. Ndoa na muuguzi aliyemtunza, iliyodumu miaka mitatu. Filamu moja Ufaransa, nyingine Uingereza, filamu fupi za bei rahisi kwa kampuni ya Educational, kisha kwa Columbia. Pombe, matibabu, pombe, halafu kuacha. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi wa miaka 21, na huyu alikaa naye hadi mwisho. Marafiki walijaribu kumzuia bibi harusi. Walikosea.

Lakini kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo siwezi kulipita. Alirudi MGM. Hakurudi kama nyota. Alirudi kama mtu wa kutoa mawazo ya vichekesho kwa filamu za wengine, mshahara dola 100 kwa wiki. Mmoja wa aliowasaidia alikuwa Red Skelton, kijana mwenye nywele nyekundu ambaye studio ilikuwa ikimkuza. Na studio, ikitafuta hadithi za kumpa Skelton, ilifungua kabati lake. I Dood It ya mwaka 1943 imetokana na Spite Marriage. Watch the Birdie ya mwaka 1950 imetokana na The Cameraman. A Southern Yankee ya mwaka 1948 ilichota kwenye wazo la The General, na Keaton ndiye aliyekaa nyuma ya kamera akimpa Skelton vituko.

Yaani alilipwa kibarua ili afundishe mtu mwingine kuigiza filamu za Buster Keaton. Hakuna aliyevunja sheria. MGM walikuwa na haki ya hadithi zao, na yeye alikuwa na haki ya mshahara wake wa Ijumaa. Ukitaka kuona kwa jicho lako maana ya kutomiliki kazi yako, usitafute mfano mwingine.

Wokovu, ulipokuja, ulikuja kupitia mikanda yenyewe. Mwaka 1949 mwandishi James Agee alichapisha makala ndefu katika jarida la Life kuhusu wachekeshaji wa sinema bubu, na watu wakaanza kuuliza: huyu Keaton yuko hai? Mwigizaji wa Kiingereza James Mason, aliyekuja kulinunua lile jumba la Beverly Hills, alikuta humo mikanda ya filamu za Keaton iliyoachwa. Mwaka 1954 alitokea Raymond Rohauer, mwonyeshaji wa filamu aliyejua kutafuta haki za umiliki kama mwindaji anavyofuata nyayo, akaanza kuinakili mikanda iliyokuwa inaoza na kuzirudisha filamu kwenye kumbi. Rohauer si mtu wa kupendwa na kila mtu. Wengi waliofanya kazi naye walimwona mgomvi na mlafi wa haki. Ila mikanda ile ya zamani huoza na kugeuka unga, na bila mtu mlafi wa namna hiyo sijui nyingine tungezionea wapi.

Mwaka 1957 Paramount walitengeneza filamu kuhusu maisha yake, filamu mbovu kweli, na wakamlipa dola 50,000. Mara hii alilipwa kwa jina lake, na pesa akazinunulia nyumba ya kawaida huko Woodland Hills, Los Angeles. Mwaka 1960 alipewa Oscar ya heshima. Mwaka 1965, kwenye tamasha la filamu la Venice, ukumbi ulisimama na kumpigia makofi mpaka akachanganyikiwa. Alifariki tarehe 1 Februari 1966 kwa saratani ya mapafu.

Kwenye uwanja wa ile nyumba ya Woodland Hills alitandika reli ndogo. Wageni walikaa kwenye meza ya nje, na treni ya kuchezea, iliyoendeshwa na mtu aliyewahi kutumbukiza treni nzima mtoni, iliwaletea karanga na soseji.